Wembe Usionolewa

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Najua ukiuona mwandiko wangu utadhani kuna msiba, maana sisi wa siku hizi hatuandiki barua mpaka mtu afe. Hakuna aliyekufa. Nilikupigia simu mara mbili, na mara zote mbili ukaniambia, "Asante, sinunui," ukakata. Basi naandika, ili usipate pa kusingizia masikio.

Nina swali la chuma, na katika ukoo mzima mwalimu wa chuma ni wewe. Wembe wa Baba, ule wa kukunja wa Kimarekani, hukaa na makali muda gani kabla ya kunolewa? Baba amesema siku zote kwamba wake haunolewi. Nimekua nikimwona kila asubuhi anaupitisha kwenye mkanda wa ngozi nyuma ya mlango wa bafu, huku na huku, kisha ananyoa, imekwisha. Sasa haukati. Nimeujaribu kwenye unywele wa mkono wangu. Unywele ulilala tu, kama mtu aliyeambiwa apumzike.

Nimejaribu kuunoa mwenyewe kwa jiwe langu la kazini. Mjalidi vitabu hunoa kisu cha ngozi kila siku ya Mungu, nikadhani makali ni makali. Nadhani nimeuharibu zaidi. Ukitaka kunicheka, nijibu kwanza.

Mume wangu hajambo, watoto hawajambo. Baba hajambo.

Mpwa wako,
Gundi


11 Februari

Gundi,

Marahaba mwanangu. Yule anayeuza vitu kwa simu ana sauti kama yako, kosa si langu.

Unasema wembe wa baba yako umeisha makali? Habari hiyo nimeingoja tangu kabla hujazaliwa. Usinione mbaya. Keti nikueleze.

Babu yako alinunua nyembe mbili siku moja, duka moja, zikitoka sanduku moja. Zilitengenezwa Marekani, kiwanda kimoja, enzi zile kabla nyembe za kutumia na kutupa hazijawaharibia mafundi wale soko. Mmoja akanipa mimi. Wa pili akampa baba yako alipomwoa dada yangu. Mpini mweusi huu na ule, maandishi yale yale kwenye shina la chuma. Ukizichanganya, hata babu yako asingejua upi ni upi.

Sasa tazama ubapa wake. Mgongo ni mnene. Kutoka mgongoni kuna mashavu mawili yaliyobonyea, kama ya mtu anayefyonza ndimu, halafu ubapa unakwenda ukikonda hadi makali, ambayo ni membamba kuliko karatasi yoyote unayoshona. Mafundi wengi wa Kimarekani wa zamani walipenda kuyabonyeza mashavu hayo sana. Faida yake ni kwamba wembe unakuwa mwepesi, na unapokata unaimba. Sisemi kwa mafumbo: ubapa mwembamba unatikisika, na kila unywele unaokatika unakupa taarifa kwa sauti. Ukisikia umenyamaza, ujue unateleza tu juu ya ndevu. Nyembe nzito ni bubu, zinakata bila kukuambia kitu. Hasara yake ni kwamba wembe wa namna hii hauna subira na mkono wa kizembe.

Lakini hakuna chuma kisichochoka. Wangu naunoa kila baada ya miezi michache, na ninaujali kama yai. Wa baba yako, pacha wake, haukunolewa kamwe. Kila tulipokutana aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, bado unasugua mawe?" Mama yako alikuwa akimimina chai, hamtazami yeyote. Nimeishi na swali hilo miaka yote. Labda wake uliiva vizuri zaidi motoni. Labda maji ya kwenu ni laini. Labda ndevu zake ni za kitoto, ila hilo usimwambie. Darasani niliwaambia wanafunzi kwamba chuma bora cha zamani kinaweza kubaki na makali maisha ya mtu, na ushahidi wangu ulikuwa shemeji yangu. Kwa hiyo elewa kwamba hapa ni heshima yangu iliyo mezani.

Nijibu haya. Uliulazaje kwenye jiwe? Makali yalianza kwisha lini, ghafla au polepole? Na yeye mwenyewe anasemaje?

Mjomba wako


19 Februari

Mjomba,

Niliuinua mgongo. Kisu cha kupunguzia ngozi tunakinoa hivyo, mgongo juu, makali chini, na mkono wangu haujui njia nyingine. Nilivyomaliza nilijisifu. Kisha nikatafuta shavu la kujaribia, na nyumbani kwangu shavu lenye ndevu ni moja tu.

"Umeshawahi kunyoa mtu?" mume wangu akauliza.

"Nimeshanyoa ngozi ya mbuzi."

"Iliyokufa?"

"Iliyotulia. Nawe tulia."

Alitulia mpaka chini ya sikio. Sasa kazini wanamuuliza kama tumegombana, naye anawajibu kwamba ananyolewa na mkewe kwa wembe wa mkwewe, hajui amwogope nani.

Makali hayakuisha ghafla. Yaliisha polepole. Na kwa kuwa umeuliza yeye anasemaje, lazima nirekebishe barua yangu ya kwanza. Niliandika Baba hajambo. Si kweli.

Miezi michache baada ya Mama kututoka, Baba alianza kutoka bafuni na vipande vya karatasi vimegandia shavuni, kila kimoja na doa la damu. Alisema ni haraka. Haraka ya kwenda wapi, mtu aliyestaafu? Halafu akaacha kunyoa kabisa. Ndevu zimemfika kifuani. Unamjua alivyo, mtu aliyekwenda kupima ardhi porini na kiatu kimepigwa rangi. Sasa haendi tena kwa fundi viatu kucheza drafti, anasema hawezi kukaa mbele ya watu akiwa kama gunia lililofumuka. Nilimtajia kinyozi, akasema hajashikwa kidevu na mtu tangu aote meno. Nilimnunulia nyembe za plastiki, akasema hizo ni za kunyolea wanasesere.

Kaka mkubwa alikuja, akamtazama, akanivuta pembeni. Anasema Mzee hawezi tena kuishi peke yake. Mwisho wa Machi anakuja na gari kumchukua, na nyumba itapangishwa. Mimi ningeweza kubishana na Kaka, nimeanza kubishana naye kabla sijaota meno. Kilichonivunja ni kwamba Baba alikubali. Alinyoosha mkono wa kulia mezani, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Akasema, "Huu mkono umepima nusu ya wilaya. Leo haujui shavu liko wapi. Nipelekeni."

Mjomba, hataki kwenda. Najua kwa sababu kila jioni anafuta vumbi vyombo vyake vya kupimia na kuvirudisha palepale, havipakii. Ndipo nikajiuliza: itakuwaje kama si mkono? Itakuwaje kama ni wembe? Hilo ndilo swali lililokuwa nyuma ya swali langu.

Mpwa wako,
Gundi


26 Februari

Gundi,

Sikucheka. Ungeniambia mapema nisingekuandikia habari za mashavu ya ndimu.

Sasa tufanye kazi kama watu wa karakana. Kuna washukiwa wawili, mkono na wembe, na mpaka sasa wamefungwa chumba kimoja, kila mmoja anamsingizia mwenzake. Watenganishe. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kamwe kipi kilileta matokeo. Hilo niliwaambia wanafunzi mpaka wakalitungia wimbo wa kunikebehi.

Mkono kwanza. Mpe kazi ndogo inayohitaji mstari, mwambie ni ya ofisini kwako. Usimpe rula. Umtazame akichora, lakini ujifanye unatazama dirisha.

Kisha wembe. Ndani ya kifurushi hiki utaukuta wangu. Nimeunoa juzi, unakata hata mawazo. Utoe wake kwenye kijisanduku anamouhifadhi, uweke wangu mahali pake, usimwambie. Mtu akijua anapimwa, mkono hutetemeka hata kama ni wa sanamu.

Wake usiuguse tena kwanza, ila jifunze kosa lako. Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu. Unaulaza kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe kwa pamoja. Aliyeutengeneza alishakuamulia pembe, na pembe hiyo ameiweka kwenye unene wa mgongo. Kazi yako ni kutii. Na ule mkanda wa ngozi wa bafuni haunoi. Unanyoosha tu makali yaliyopo, kama unavyochana nywele: kuchana hakuoteshi nywele. Hata ngozi iwe nzuri vipi, siku moja lazima jiwe.

Na hapo ndipo shemeji ananishinda. Hiyo siku moja kwake haikuja.

Mimi nitanyoa kwa plastiki mpaka unirudishie wangu. Waombee wanasesere.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Mkono ni mzima. Nilimpelekea kadi za maktaba, nikamwambia zinahitaji mistari na rula yetu imevunjika. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akachora kadi zote huku akilalamika kwamba siku hizi ofisi hazina hata rula. Nilizipeleka kazini nikaweka rula juu yake. Mistari imenyooka kiasi kwamba niliona aibu kwa ajili ya rula.

Kesho yake nikabadilisha wembe, nikakaa jikoni kama mwizi. Nilimwomba ajaribu mara moja tu, kwa kuwa Kaka atapiga picha. Aliguna, akaingia bafuni na mkasi, akapunguza ndevu kwanza. Nikasikia mkanda wa ngozi, huku na huku. Kisha nikasikia ile sauti uliyoniandikia, Mjomba. Nilikuwa nimeisikia utoto wangu wote nikidhani ni sauti ya bafu.

Akatoka, shavu safi, hakuna tone. Ameshika wembe.

"Nani kaweka huu humu?"

"Upi, Baba?"

"Usinifanye mtoto. Huu si wangu. Wangu mgongo umelika upande wenye maandishi, karibu na mpini. Huu umelika upande wa pili. Ni wa mjomba wako."

"Lakini umekata?"

"Hilo silo nililokuuliza." Akajipapasa kidevu. "Umekata."

Nilidhani tumeshinda. Nikamwambia, unaona, si mkono, ni wembe, basi mwambie Kaka asije. Akakaa kitini. Akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Wembe ule haukuwahi kunidai kitu. Miaka yote mkanda wa ngozi tu, ukakata. Sasa umekufa mikononi mwangu. Kuna kitu nilikuwa nakifanya nimekisahau, na sikumbuki hata ni kitu gani. Mtu anayesahau na hajui amesahau nini hafai kuachwa peke yake na jiko la moto."

Ameukunja wembe wako, akaufunga kwenye karatasi, akaandika jina la mtaa wako kwa mwandiko wake ule wa ramani. Hataki kuutumia tena. Safari bado iko palepale, na siku zinakwenda.

Mjomba, ni kitu gani anachokisahau? Na kama nyembe ni pacha, kwa nini wangu unalika huku na wako kule? Wa Baba, nataka kusema. Nimeushika sana mpaka nimeuita wangu.

Gundi


15 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Hakuna anachokisahau. Soma taratibu.

Mgongo wa wembe hauliki kwa kunyoa. Hauliki kwa ngozi. Kitu kinachokula mgongo ni jiwe peke yake, kwa sababu, kama nilivyokueleza, unapounoa mgongo nao umelala juu ya jiwe. Mgongo ukiwa umelika hadi mpima ardhi anaukumbuka kwa alama, maana yake wembe huo umenolewa. Umenolewa miaka mingi, na umenolewa na mtu aliyejua.

Sasa upande. Tulifundishwa namna moja na mtu mmoja. Mtu wa mkono wa kulia, kwa namna ile ya baba yetu, hulemea zaidi anaposukuma wembe kuliko anapouvuta, na mgongo hulika upande mmoja karibu na mpini. Wangu umelika upande usio na maandishi. Wa baba yako umelika upande wa pili, kama sura kwenye kioo. Aliyeunoa alitumia mkono wa kushoto. Baba yako ni wa kulia. Wewe ni wa kulia, na ungekuwa unajua kunoa mumeo asingekuwa na kovu.

Katika nyumba ile, wa kushoto alikuwa mama yako.

Baba yetu aliponifundisha uani, mimi nilipewa jiwe, dada yangu akapewa bakuli la maji alishike. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Alisimama tu akatazama. Kisha akaolewa na mtu aliyeamini kwamba wembe wake haunolewi, akamwacha aamini. Shemeji alikuwa ananitania kwa kazi ya dada yangu, naye dada yangu anamimina chai.

Kwa nini hakusema? Sijui. Labda ilimfurahisha. Labda alianza kidogo, ikapita siku ya kusema. Na mimi, niliyefundisha mafundi wa vyuma, sikuwahi hata siku moja kuomba kuushika wembe wa shemeji nitazame mgongo. Nilipendelea kubuni sababu.

Kuhusu kumwambia, uamuzi ni wako. Mimi ningenyamaza. Ningeunoa vizuri nikaurudisha kisandukuni. Ni vigumu kwa mzee kuambiwa kwamba kitu alichojivunia kilikuwa cha mtu mwingine, tena mtu asiyekuwepo tena kushukuriwa.

Barua nyingine yenye michoro ya kunoa inafuata. Leo mkono wangu ndio umechoka.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Jiwe nimelipata. Halikuwa limefichwa. Liko jikoni, chini ya chupa ya mafuta, lile ambalo Mama aliliita la visu na hakuruhusu mtu alitumie. Visu vya nyumba ile havijawahi kukata hata nyanya iliyoiva. Sote tulikuwa tunalalamika, na hakuna aliyejiuliza jiwe lile linafanya kazi gani.

Samahani, nimemwambia. Ushauri wako ulikuwa wa mtu mwenye huruma, lakini wewe hukumwona akikaa mbele ya jiko akijiuliza kama amelizima. Akibaki na fahari yake ataondoka akiamini akili inamtoka. Nimeona afadhali apoteze fahari.

Nilimsomea barua yako yote, mpaka kuhusu bakuli. Alichukua wembe, akauweka kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole pale palipolika. Kisha akaniambia nimwache kidogo. Nimemwacha. Sijui amekasirika au vipi. Kaka anakuja Jumamosi.

Gundi


2 Aprili

Shemeji,

Salaam. Wembe wako uko kwenye kifurushi hiki, pamoja na shukrani zangu, ambazo usizionyeshe watu.

Mpwa wako alinoa wangu akiwa ameweka michoro yako chini ya kiwiko. Ilimchukua muda, na alinung'unika sana, lakini safari hii aliulaza. Nimenyoa. Unaimba kama zamani. Mwanangu mkubwa alikuja na masanduku matupu, akanikuta nimerudi kutoka kwa fundi viatu, ambako nilifungwa drafti tatu kwa kukosa mazoezi. Alinitazama usoni, akatazama nyumba, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nitakwenda kwake kutembea, kama mgeni, na mgeni hurudi kwake. Amerudi na masanduku yake matupu. Alikasirika kidogo kwa ajili ya mafuta ya gari.

Ulimwambia mtoto anyamaze. Ulidhani nitaumia. Niliumia siku moja. Kisha nikaanza kuwaza jambo lingine, na ndilo linalonifanya nikuandikie, maana unajua mimi si mtu wa barua.

Tangu nistaafu nimekuwa nyumbani, sitoki ila kwenda kucheza drafti. Nyumba hii nimeipima mwenyewe. Ukiwa sebuleni unasikia kijiko kikianguka jikoni. Kunoa kunatoa sauti, mtoto aliponoa nilimsikia nikiwa uani. Kijisanduku kilikuwa bafuni, na bafu liko kati ya chumba na sebule. Ili achukue wembe, aunoe, aukaushe na aurudishe bila mimi kuona, alihitaji nafasi. Nimepita chumba kwa chumba, nimekumbuka siku zetu moja moja: sokoni alikuwa anakwenda yeye, si mimi. Mchana silali. Usiku usingizi wangu ni wa paka, yeye ndiye aliyekoroma.

Mtoto anataka nikuombe unifundishe kunoa. Sawa, utanifundisha, na ucheke upendavyo. Lakini hilo linaweza kungoja. Wewe ulimjua kabla yangu. Nijibu kwanza hili: alikuwa ananoa saa ngapi?

Shemeji yako